Wekeni seva kwenye rosta ya zamu

Kwa waganga wafawidhi, wakurugenzi na makatibu wa hospitali za rufaa nchini Tanzania

Ndugu viongozi wetu,

Mimi ni ofisa TEHAMA katika hospitali mojawapo ya rufaa ya mkoa, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Chumba ninachokitunza mnakijua, hata kama ni wachache kati yenu walioingia ndani: kile kinachofungwa kwa kufuli muda wote, kiyoyozi kinanguruma usiku na mchana, na raki nyeusi imesimama katikati na vitaa vyake vya kijani. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu ninachoomba hakiko ndani ya uwezo wa ofisa TEHAMA. Kiko mikononi mwa anayesaini rosta ya zamu.

Naomba seva za hospitali zipangiwe mtu. Mtu mwenye jina, mwenye saa zake, mwenye idhini ya kuchukua hatua, anayeziangalia kila siku na kuandika alichokiona, kama muuguzi anavyopita kitanda kwa kitanda. Wengi wenu mtanijibu kwamba kitengo cha TEHAMA kipo. Kipo, ndiyo. Kinatengeneza printa, kinarudisha nywila zilizosahaulika, kinavuta waya, kinaitwa mfumo ukikwama. Kazi ya kuangalia kabla haujakwama sijaiona kwenye orodha ya majukumu ya mwenzangu yeyote niliyewahi kuzungumza naye, na kwenye yangu haimo.

Nianze na Jumatatu moja.

Ilikuwa siku ya kliniki ya kisukari na presha. Saa tatu na dakika kumi asubuhi dada wa dirisha namba mbili alinipigia simu: "Kaka, mfumo unazunguka tu." Nikaufungua kwenye kompyuta yangu. Ukurasa wa kuingilia ulitokea vizuri, nembo ya hospitali, sehemu ya jina, sehemu ya nywila. Nikabonyeza kuingia, kiduara kikaanza kuzunguka na hakikusimama. Kabla sijanyanyuka kwenye kiti, famasi na maabara walishapiga. Kwenye skrini ya ukutani, programu yetu ndogo ya kuangalia mfumo ilikuwa kijani kuanzia juu hadi chini, maana kitu pekee ilichopangwa kukiangalia ni kama ukurasa wa kuingilia unafunguka. Na ulikuwa unafunguka.

Nje foleni ilishapita mlango wa mapokezi. Waliojaa siku hiyo ni wazee walioambiwa wasile kitu tangu usiku ili wapimwe sukari. Bila kusajiliwa hakuna kipimo, na bila kontroli namba dirisha la malipo halipokei hata shilingi. Ilipofika saa tano bibi mmoja aliyejifunga kitenge cha bluu alianza kutetemeka, jasho jembamba limemtoka usoni, amekaa kwenye benchi na kadi yake ya kliniki mkononi. Muuguzi alimwona mapema, akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akamnywesha taratibu. Bibi akapata nafuu. Mimi nilikuwa ninapita na kompyuta mpakato kwapani kuelekea chumba cha seva, na nilijua kilichomweka pale muda wote ule kilikuwa ndani ya raki yangu.

Niwaeleze kilichotokea, maana bila kukielewa ombi langu litaonekana la mtu anayetafuta posho.

Zamani kila mfumo ulikuwa na kompyuta yake. Leo seva moja kubwa hugawanywa na programu inayoitwa haipavaiza, na ndani yake zikaishi seva pepe kumi au zaidi, kila moja ikijiona ni kompyuta kamili. Wazo lenyewe ni la siku nyingi. IBM walikuwa nalo kwenye kompyuta zao kubwa tangu miaka ya 1960, na VMware, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998, ikalishusha hadi kwenye seva za kawaida. Faida zake nazijua kuliko mtu yeyote. Hospitali yetu ina seva pepe kumi na nne, na bila utaratibu huu tungehitaji mashine kumi na nne na umeme wa mashine kumi na nne. Tuna mbili.

Ila maisha ya humo ndani ni ya nyumba ya kupanga yenye LUKU moja. Kila mpangaji anaona taa yake inawaka na feni yake inazunguka, na kwa anavyoona yeye chumbani mwake hakuna shida. Yuniti zilizobaki anazijua yule tu anayekwenda kusoma mita kwenye korido. Zikiisha saa mbili usiku, giza linaingia vyumba vyote kwa mara moja, aliyekuwa anapika na aliyekuwa anasoma. Seva pepe ni wapangaji wale. Ukiiuliza ya maabara ina nafasi kiasi gani kwenye diski, itakujibu nusu iko tupu, na kwa jinsi ilivyoahidiwa inasema kweli. Nafasi halisi inaonekana koridoni, yaani kwenye haipavaiza na diski zenyewe.

Koridoni kwetu kulikuwa na terabaiti 8. Seva kumi na nne zilikuwa zimeahidiwa jumla ya terabaiti 12 na nusu. Kuahidi zaidi ya ulichonacho ni jambo linalokubalika katika kazi hii, kwa kuwa ni nadra wote kudai chao kwa pamoja, lakini linakubalika pale ambapo kuna mtu anasoma mita. Wiki tano kabla ya Jumatatu ile, siku ya Ijumaa, tulipandisha toleo la mfumo wa hospitali. Kabla ya kuanza nilichukua snapshoti ya seva ya hifadhidata, kwa maana ya kuigandisha diski yake jinsi ilivyo, ili toleo jipya likiharibu kitu turudi tulikotoka. Kuanzia hapo diski ya awali haiandikwi tena. Kila mgonjwa anayesajiliwa, kila jibu la maabara, kila dawa inayotolewa huandikwa kwenye faili la pembeni, na faili hilo hukua bila kupumzika. VMware wenyewe wanashauri snapshoti moja isikae zaidi ya saa 72. Yangu ilikaa siku 38.

Jumatatu ile faili la pembeni lilimaliza kipande cha mwisho cha diski. Seva ya hifadhidata iliomba nafasi ya kuandika, ikaikosa, na haipavaiza ikaisimamisha palepale ili data isiharibike. Zile ambazo hazikuwa na cha kuandika wakati huo, kama seva ya ukurasa wa kuingilia, ziliendelea kama kawaida, ndiyo maana skrini ya ukutani ilibaki kijani. Na kuiondoa snapshoti hakukuwa kazi ya kubonyeza kitufe, kwa kuwa kuunganisha mabadiliko ya siku 38 na diski ya awali nako kunataka nafasi ya kufanyia kazi. Tulihamisha kwanza seva ya mafunzo kwenda diski ya nje, gigabaiti baada ya gigabaiti, ndipo tukaanza kuunganisha. Mfumo ulirudi saa kumi na moja jioni. Maabara waliingiza majibu ya karatasi hadi Jumatano.

Usiku ule sikwenda nyumbani. Nilifungua historia ya haipavaiza nikaangalia grafu ya diski. Mstari ulikuwa umepanda wiki tano mfululizo, kama asilimia moja kila siku, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Kwa mpangilio wa VMware ambao haujabadilishwa, alama ya njano huwaka diski ikifika asilimia 75 na nyekundu ikifika 85. Ya njano ilikuwa imewaka siku 25 kabla ya mfumo kusimama. Nyekundu, siku 15 kabla. Barua pepe za tahadhari zilitumwa zote, kwenda kwenye anwani ya mwenzetu aliyehamishiwa mkoa mwingine mwaka uliotangulia.

Kosa la kusahau snapshoti ni langu na nililiandika hivyo kwenye taarifa. Lakini ninyi mnajua kwamba hospitali haiendeshwi kwa kutumaini hakuna atakayesahau. Chumba cha upasuaji huhesabu gozi na mikasi kabla ya kushona, hata kama daktari ni bingwa wa miaka thelathini. Siku zile 25 hakukuwa na wa kuhesabu.

Hatuko peke yetu katika hili. Tarehe 31 Januari 2017 mfanyakazi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata kuu. Walipogeukia nakala rudufu za kila siku wakakuta hazipo. Programu ya kuzichukua ilikuwa ikishindwa kwa sababu ya kutofautiana kwa matoleo, na barua pepe za kusema imeshindwa zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni snapshoti ambayo mmoja wao alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla. Data ya saa hizo sita ilipotea. Waliyaeleza yote hayo wenyewe hadharani, na kwa hilo nawaheshimu sana. Wale ni kampuni ya wataalamu watupu, na tahadhari zao bado hazikuwa na wa kuzipokea.

Sasa niongee lugha ya wodini. Mapigo ya moyo 96 peke yake hayamtishi muuguzi. Chati ikionyesha 70 juzi, 82 jana na 96 leo, anampigia daktari. Seva ni hivyohivyo: diski iliyojaa asilimia 80 inaweza kukaa hivyo mwaka mzima au ikazima hospitali wiki ijayo, na kinachotofautisha ni ilikuwa ngapi wiki iliyopita. Kwa hiyo nasema kuangalia na kuandika, kila siku, na mtu yuleyule au wachache wanaopokezana, mpaka waijue seva yao. Kwetu matumizi ya prosesa hupanda Jumatatu hadi Jumatano kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, yakapanda tena saa nane usiku nakala rudufu zinapochukuliwa. Anayejua hivyo akiona yamepanda saa tisa alasiri siku ya Jumamosi atainuka kwenda kuangalia.

Na ni lazima aangalie kutoka koridoni. Mwaka jana maabara walilalamika kwamba kila asubuhi mfumo wao unasuasua. Ndani ya seva pepe yao prosesa zilikuwa zimetumika asilimia 35 tu. Msambazaji wa mfumo akashauri tuziongeze. Tukatoka 4 hadi 8, hali ikazidi kuwa nzito. Akashauri 12. Nilisimama nyuma ya mtaalamu wa maabara akiingiza jibu moja la wingi wa damu, saa yangu mkononi: dakika moja na sekunde kumi kutoka alipobonyeza hadi skrini ilipokubali. Pembeni yake kulikuwa na trei mbili za chupa za sampuli zinasubiri.

Nilipoangalia kwenye seva kubwa nilikuta kipimo ambacho seva pepe yenyewe haikioni vizuri. VMware wanakiita redi, na kwenye Linux kuna nduguye anayeitwa stili: ni muda ambao seva pepe ina kazi mkononi na inasubiri prosesa halisi iwe huru. Kila sekunde 20, prosesa za seva ya maabara zilikuwa zikisubiri sekunde 3. Ni asilimia 15 ya maisha yake imesimama kituoni. Mtu mmoja akisubiri daladala Mbagala hujipenyeza kwenye gari la kwanza. Familia ya watu kumi na wawili inayotakiwa kufika pamoja ina safari nyingine kabisa. Siyo lazima wapande sekunde ileile, lakini hawaruhusiwi kuachana mbali, kwa hiyo waliotangulia hushuka kuwasubiri waliobaki. Seva yetu kubwa ina prosesa halisi 16 zinazogombewa na wapangaji wote, na sisi tulikuwa tukiongeza watu kwenye familia. Tukazirudisha prosesa za maabara kuwa 4. Kusubiri kukashuka chini ya nusu sekunde katika kila 20, na mkuu wa maabara akapiga simu kuuliza tumenunua mashine gani mpya. Hatukununua kitu. Fedha za kununua seva ya tatu zilikuwa zimeshaombwa, kwa tatizo ambalo kipimo kimoja kililimaliza.

Memori nayo ina yake. Inapopungua kwenye seva kubwa, haipavaiza hupuliza kitu kinachoitwa puto ndani ya seva pepe, puto linakalia memori, na seva ile inalazimika kuachia kidogo ili wengine wapate. Puto likionekana siku moja sina hofu. Likikaa siku tatu, hatua inayofuata ni memori kuanza kuandikwa kwenye diski, na hapo kila kitu kitatambaa. Diski, kwa upande wake, ipimwe pia kwa muda wa kujibu: ikizidi milisekunde 20 na kubaki hapo, dada wa dirisha namba mbili atagundua kabla yangu.

Kuna hesabu moja ambayo nawaomba muifanye wenyewe, kwa sababu nimeisikia mara nyingi kwenye vikao: "Tuna seva mbili, moja ikifa nyingine itachukua." Itachukua kama ina nafasi. Seva mbili zinazofanana, kila moja ikiwa imejaa memori asilimia 70, zinabeba 140 kwa pamoja, na inayobaki ina 100. Wapangaji wa asilimia 40 watalala nje, na hakuna aliyekwisha kuamua ni akina nani: famasi, maabara au picha za eksirei. Kwetu tulivuka asilimia 50 bila mtu kugundua, kwa sababu kila ombi la seva mpya lilikuwa dogo na lilikuwa na haki. Mfumo wa damu, mfumo wa mahudhurio, mfumo wa mafunzo. Ni uamuzi wa uongozi kusema mfumo upi utazimwa ili upi uishi, na unatakiwa kuamuliwa mchana mkiwa mmekaa.

Joto nalitaja kwa uzito wake kwa sababu wengi wetu tuko Pwani, Lindi, Tanga, Dar es Salaam, au Dodoma ya Novemba. ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Katika hospitali yetu niligundua, umeme ulipokatika, kwamba jenereta linalisha soketi za raki na halilishi kiyoyozi. Seva zilibaki zinafanya kazi kwa furaha ya kila mtu, na chumba kikatoka nyuzi 22 hadi 38 kabla ya saa moja kwisha. Tulifungua mlango, tukaleta feni ya kusimama kutoka ofisi ya uhasibu. Fundi umeme alihamisha waya mmoja wiki iliyofuata. Kama mnadhani ni mambo ya nchi maskini, tarehe 19 Julai 2022, siku Uingereza ilipovuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake, vituo viwili vya data vya hospitali za Guy's na St Thomas' jijini London vilizimika siku hiyohiyo kwa sababu ya joto. Madaktari walirudi kwenye karatasi, na ilichukua wiki kadhaa mifumo yote kukaa sawa.

Matoleo ya programu nayo yaandikwe kwenye chati hiyohiyo. Februari 2023 wahalifu walifunga maelfu ya seva za VMware duniani kwa kupitia tundu ambalo kiraka chake kilitolewa Februari 2021. Miaka miwili.

Mtaniuliza gharama. Zabbix, programu ya kuangalia seva iliyozaliwa Latvia, ni ya bure. Prometheus, iliyoanzia kampuni ya muziki ya SoundCloud mwaka 2012, ni ya bure pia, na Grafana inayochora grafu zake ina toleo la bure. Hospitali zilizoihama VMware baada ya Broadcom kuinunua Novemba 2023 na kubadilisha utaratibu wa leseni, zikaenda kwenye haipavaiza ya Proxmox, zitakuta grafu hizo ndani ya Proxmox yenyewe, na dalili za ugonjwa ni zilezile. Kompyuta ya mezani iliyotolewa kwenye ofisi fulani, ikiongezewa memori, inatosha kuangalia seva mbili. Ninachosisitiza ni kwamba kompyuta hiyo isimame nje ya seva inazoziangalia, maana mlinzi aliyelala ndani ya nyumba inayoungua hawezi kupiga kelele. Na tahadhari ya mwisho iende kwa ujumbe wa simu kupitia modemu yenye laini yake. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikatuzimia, barua pepe za tahadhari hazikuwa na pa kupitia.

Tulipoweka Zabbix, wiki ya kwanza simu yangu ilipokea mamia ya jumbe. Wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi wanaujua ugonjwa huu: kengele zikilia ovyo, sikio linajifunza kutozisikia. Tulikaa na kupunguza moja baada ya nyingine mpaka tukabaki na zile ambazo mtu akizipata usiku kuna kitu cha kufanya kabla ya asubuhi. Zimebaki kumi na moja. Hiyo ni kazi ya miezi miwili ya mtu anayeijua hospitali, na hakuna msambazaji atakayewafanyia.

Wengine mnasema mkandarasi anafuatilia. Muombeni taarifa ya mwezi uliopita yenye grafu, na muone kama ipo. Wengine mnasema mifumo itahamia kituo cha data cha serikali na kazi hii itakwisha. Naunga mkono kuhama. Lakini picha za eksirei na CT ni nzito, zitabaki karibu na mashine zake kwa muda mrefu, na hata kilichohamia huko kinahitaji mtu wa upande wa mgonjwa anayeweza kusema, kwa namba, kwamba tangu Alhamisi tunasubiri mara tatu ya kawaida.

Ninachoomba kiingie kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai ni kidogo. Majina mawili ya TEHAMA kwenye rosta ya hospitali, pamoja na madaktari na wauguzi, yenye namba ya simu ya zamu inayobaki hospitalini mtu akihamishwa. Posho ya kuitwa usiku, ileile wanayolipwa wengine. Saa moja kila asubuhi ambayo ofisa huyo haitwi kwenye printa. Kifungu cha fedha cha kununua diski ambacho kinafunguka grafu ikisema bado siku 60, kwa sababu manunuzi yetu yanachukua siku 60 na zaidi. Na dakika kumi katika kikao cha uongozi cha kila mwezi, ofisa TEHAMA aweke mezani karatasi moja: diski, memori, muda wa kusubiri, joto, nakala rudufu iliyojaribiwa kurejeshwa mara ya mwisho lini.

Jumatatu ijayo, kabla ya kikao cha asubuhi, mwiteni ofisa wenu mkaingie naye kwenye chumba cha seva. Simameni nyuma ya raki muone hewa inayotoka ina joto kiasi gani. Mwombeni awaonyeshe grafu ya diski ya miezi mitatu, kisha mumuulize tahadhari ikitoka saa nane usiku inakwenda kwenye simu ya nani. Akishindwa kujibu msimkaripie. Muulizeni anahitaji nini, na mkiandike wenyewe.

Wenu katika kazi,

Ofisa TEHAMA, hospitali ya rufaa ya mkoa